Saruji Haikauki: Uhakiki wa Maneno ya Ujenzi na Istilahi za Mwitiko wa Sumaku

Lipo kosa moja katika Kiswahili chetu cha ujenzi ambalo limezoeleka hata halionekani tena kuwa ni kosa. Twasema, na mara nyingi twaandika, kwamba saruji hukauka. Zege likishamwagwa tunaonywa tusilikanyage mpaka likauke. Mwanafunzi huambiwa kwamba lipu huwa ngumu ikikauka. Na katika masharti ya kazi za ujenzi si ajabu kukuta imeagizwa kwamba nguzo ziachwe zikauke kwa siku 28 kabla ya kubebeshwa uzito. Katika kurasa hizi tunakusudia kulihakiki neno hilo, na pamoja nalo maneno kadha ambayo mfasiri hukutana nayo anapotaka kueleza kwa Kiswahili elimu inayolikanusha, yaani uchunguzi wa saruji kwa sumaku na mawimbi ya redio. Mambo haya mawili yaweza kuonekana kuwa yako mbalimbali, la kwanza likiwa la fundi mwashi na la pili likiwa la maabara. Lakini mtu hawezi kuifasiri vema elimu hiyo ya maabara huku amelibakiza neno la kukauka, maana sentensi zake zitapingana zenyewe kwa zenyewe.

Hebu tuanze na jambo lenyewe. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipewa hataza yake mwaka 1824, hutengenezwa siku hizi kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika tanuri hadi kufikia joto la nyuzi 1,450 za Selsiasi hivi, kisha kusaga mabonge yanayopatikana pamoja na jasi kidogo. Sehemu kubwa ya unga huo ni silikati za kalsiamu. Unga ukikutana na maji, silikati hizo huyeyuka kidogo kidogo, huungana na maji, na kuzaa vitu viwili vipya: silikati ya kalsiamu iliyobeba maji ndani yake, ambayo ndiyo gundi inayofunga mchanga na kokoto, na hidroksidi ya kalsiamu. Kwa hiyo maji hayakutiwa ili kulainisha unga tu, kisha yaondoke baada ya kazi. Maji ni kiungo katika chungu hiki kama unga wenyewe ulivyo kiungo. Yakiondoka mapema, upishi hukoma na chakula hubaki kibichi.

Asiyeamini na atazame jinsi zege linavyopimwa. Michemraba ya majaribio, yenye ubavu wa milimita 150, hutolewa katika kalibu zake siku inayofuata, kisha huzamishwa katika birika la maji na kuachwa humo mpaka siku ya kuvunjwa kwa mashine. Siku iliyo mashuhuri ni ya 28. Basi zile siku 28 ambazo masharti yetu yanaziita siku za kukauka ni siku ambazo kipande cha kupimia kilikuwa kimelala majini. Nguzo za madaraja na za gati humwagwa chini ya maji, na huwa ngumu huko huko chini.

Kosa hili lina asili yake, na asili hiyo si ya aibu. Udongo wa nyumba ya miti huwa mgumu kwa kukauka, na mvua ikiunyeshea hulainika tena. Hapo neno kukauka ni la haki kabisa. Chokaa ya pwani nayo, ile iliyochomwa kutokana na matumbawe na kujenga Msikiti Mkuu wa Kilwa na nyumba za Gedi, ilihitaji hewa: hupoteza maji yake, na huku ikivuta kabonidioksidi polepole mpaka inarudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa kabla ya tanuri. Mwashi wa chokaa aliposema kwamba ukuta unakauka, alikuwa karibu sana na kweli. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kutoa saruji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill mwaka 1966, unga mpya uliingia katika mikono iliyozoea udongo na chokaa, ukarithi kitenzi chao.

Na hapa pana kichekesho kidogo. Jina saruji tulilipata kutoka Kiajemi, na katika Iran na Oman hadi leo ni jina la kifungio cha kale kilichotumiwa kujengea mabirika na kukandikia mifereji ya maji; huko Oman hutengenezwa kwa udongo uliochomwa, na sifa yake ilikuwa ni kustahimili mahali penye maji. Kwa hiyo nomino yetu ni ya kitu kisichoogopa maji. Sisi tukaiozesha kitenzi cha udongo.

Wako watakaosema kwamba haya ni mabishano ya wapenda maneno, na kwamba fundi anajua kazi yake hata akiitaje. Fundi hodari anajua, hatukatai. Ndiye anayemwagilia zege maji asubuhi na jioni wakati neno lake mwenyewe linasema likauke. Lakini nyumba hazijengwi na fundi peke yake. Mwenye nyumba humlipa fundi, na mwenye nyumba hulifuata neno. Akimwona fundi anarudisha maji juu ya sakafu aliyoambiwa kuwa inasubiriwa ikauke, huona kwamba anacheleweshewa kazi na maji yake yanapotezwa. Karani anayesoma hati ya mkataba naye hulifuata neno. Hana sababu ya kumdai mkandarasi magunia mabichi ya kufunikia wala mapipa ya maji kama hati inataka ukavu. Jua na upepo huwa wamefanya yote yaliyoagizwa. Zege lililokaushwa hivyo katika siku zake za kwanza hupata nyufa juu, hutoa vumbi likifagiliwa, na nguvu yake hubaki chini ya ile iliyokusudiwa na aliyepiga hesabu za jengo. Hapo neno limekuwa sehemu ya ujenzi mbaya.

Sasa tuje kwenye elimu tuliyoitaja. Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walibishana juu ya namna saruji inavyogumu. Henry Le Chatelier wa Ufaransa alieleza mwaka 1887 kwamba silikati huyeyuka, kisha fuwele ndogo ndogo huzaliwa na kushikana. Wilhelm Michaëlis wa Ujerumani akajibu mwaka 1893 kwamba kinachozaliwa ni kitu mfano wa ute mzito unaokazana, yaani jeli. Katika miaka ya 1946 na 1947 T. C. Powers na T. L. Brownyard, waliofanya kazi katika Chama cha Saruji ya Portland huko Chicago, walichapisha vipimo vilivyogawa maji ya saruji iliyogumu katika mafungu. Kwa hesabu zilizotokana na kazi hiyo, mfuko wa kilo 50 ukitumika wote hufunga kilo 11 na nusu hivi za maji ndani ya kampaundi mpya, na kilo 9 na nusu nyingine hukaa katika vitundu vyembamba vya jeli. Jumla ni lita 21 kwa mfuko. Maji yanayozidi hapo hubaki katika vitundu vikubwa, navyo ndivyo vinavyolidhoofisha zege. Ndiyo maana yapasa mwandishi atenge maji ya kuchanganyia, ambayo yana kipimo na kuzidi kwake ni hasara, na maji ya kumwagilia baada ya zege kushika, ambayo kuzidi kwake hakudhuru. Maelezo mengi tuliyoyasoma husema maji tu, na msomaji huachwa achague mwenyewe.

Lakini wataalamu wale walikuwa na taabu moja. Ili kuyapima maji na vitundu iliwabidi wakikaushe kipande chao, na jeli ile ikikaushwa huharibika: tabaka zake hubanana na vitundu hubadilika. Walikuwa kama mtu anayetaka kujua umbo la kiwavi kwa kumwanika. Ilihitajika njia ya kuiona saruji ikiwa mbichi, katika maji yake, bila kuivunja, saa baada ya saa. Njia hiyo ndiyo inayowatesa wafasiri wetu.

Mwaka 1946 Felix Bloch wa Stanford na Edward Purcell wa Harvard, kila mmoja na wenzake, walitangaza kwamba viini vya hidrojeni vilivyo katika maji au nta vikiwekwa katika sumaku yenye nguvu, kisha vikapelekewa wimbi la redio lenye masafa yanayofaa, huvitikia. Walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952. Kiini cha hidrojeni ni protoni moja, nayo katika sumaku huyumba mfano wa pia ya watoto inapozunguka huku imeinama. Katika sumaku ya tesla moja huyumba mara milioni 42 na nusu kwa sekunde, na wimbi la redio lisilolingana na hesabu hiyo halimshughulishi. Kila aina ya kiini ina hesabu yake: silikoni haijibu anapoitwa hidrojeni.

Tulipe jambo hili jina gani? Tumekwisha kuona likiitwa mwangwi wa sumaku. Neno ni tamu, lakini ni la kukataliwa. Mwangwi ni sauti yako mwenyewe inayokurudia kutoka mlimani, na mlima hurudisha sauti yoyote, nene kwa nyembamba, wala hauchagui. Tena, na hili ndilo zito zaidi, katika elimu hii hii mwangwi upo na ni kitu kingine. Mwaka 1950 Erwin Hahn alionyesha kwamba ukivipigia viini pigo moja la redio, ukangoja, ukavipigia la pili, baada ya muda ule ule ishara hurudi yenyewe ingawa hakuna aliyeita. Huo ndio mwangwi wa kweli, na leo karibu vipimo vyote vya maji katika saruji hutegemea miangwi hiyo. Mfasiri aliyekwisha kulitumia neno mwangwi katika ukurasa wa kwanza hana la kusema afikapo ukurasa wa tatu. Istilahi haipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na ndugu zake watakaofuata.

Wengine wamependelea mtetemo wa sumaku. Hili lina kosa la kumfanya msomaji adhani sumaku ndiyo inayotetemeka, ilhali sumaku imetulia tuli na ni lazima itulie. Sisi twaliunga mkono neno mwitiko, kutokana na kuitikia. Katika nyimbo zetu muimbishaji hutoa, na waitikiaji hupokea kwa sauti iliyo yao na mahali palipo pao. Anayeitika si ukuta unaorudisha kelele, bali ni mwenye sauti yake. Hilo limekaribia mno jambo lenyewe. Tutaambiwa kwamba walimu wa biolojia wanalitumia neno mwitiko kwa kiumbe kinachojibu kichocheo. Ni kweli, na kwa sababu hiyo lisiachwe peke yake: tuseme mwitiko wa sumaku, au kwa ukamilifu, mwitiko wa viini katika sumaku. Wanaotaka kuandika rezonansi katika vitabu vya vyuo vikuu hatugombani nao, mradi waifafanue mara ya kwanza.

Tumesema viini, hatukusema nyuklia. Katika Kiswahili neno nyuklia limekwisha kushikwa na bomu na mitambo ya umeme, na msomaji akiliona katika habari za saruji ataogopa mnururisho. Hata hospitali za nchi za Magharibi ziliona ugumu huo: mashine ya kupiga picha za mwili iliyotokana na kazi ya Paul Lauterbur ya mwaka 1973 na ya Peter Mansfield hapo awali ilitajwa kwa jina lenye neno nyuklia, na baadaye neno hilo likaondolewa ili wagonjwa wasihofu. Sisi tunalo neno kiini, lisilomtisha mtu, na kila mtoto analijua kutoka kwenye yai. Si kila siku lugha hupata bahati ya kumzidi mkopeshaji.

Hatari kubwa zaidi iko katika neno linalofuata. Viini vikishapigwa na wimbi la redio na kuitikia, havibaki hivyo. Hurudi katika hali ya kwanza, na muda wa kurudi ndio unaopimwa. Kiingereza hukuita huku kurudi kwa neno ambalo katika maisha ya kila siku maana yake ni kustarehe au kulegea. Wako wafasiri walioandika kulegea kwa protoni, na muda wa kulegea. Katika kitabu cha fizikia tupu tungelisamehe. Katika maandishi juu ya saruji haliwezi kusamehewa: mhandisi wa wilaya anayesoma kwamba sampuli imeonyesha kulegea kwa haraka atatoa amri ukuta ubomolewe, na kumbe kinachosemwa ni kinyume, kwamba maji yameingia katika vitundu vyembamba na saruji inazidi kukaza. Neno linalofaa ni kutulia. Bahari iliyochafuka hutulia, mtoto aliyelia hutulia. Kitu kimetikiswa kikarudi katika hali yake. Tuseme muda wa kutulia. Iko namna ya pili, ambapo viini vilivyokuwa vikiyumba kwa hatua moja hupotezana, kama wachezaji wa ngoma ambao kila mmoja ameshika mdundo wake. Nayo ndiyo itumikayo zaidi katika saruji. Kiingereza huziita zote mbili kwa jina moja na kuzitenga kwa namba. Nasi twaweza kufuata namba hizo pasipo hasara.

Juu ya spini hatuna la kusema zaidi ya kwamba lichukuliwe hivyo hivyo. Mfano wa pia husaidia darasani, lakini kiini si pia, na kulitafsiri neno hilo kwa mzunguko kungewafunga wanafunzi katika picha ambayo fizikia yenyewe imekwisha kuiacha.

Sasa kwa nini muda wa kutulia hutuambia habari za vitundu? Molekuli ya maji katika nafasi pana hukutana na ukuta mara chache, na protoni zake huchelewa kutulia. Katika kitundu chembamba hugonga ukuta kila mara, na kila kugonga huharakisha kutulia. Kwa hiyo maji ya vitundu vikubwa hutulia kwa milisekunde kadha. Ya vitundu vya jeli kwa sehemu ya milisekunde moja. Ya baina ya tabaka za jeli kwa muda mfupi zaidi. Na hidrojeni iliyofungwa katika fuwele za hidroksidi ya kalsiamu hutulia kwa milioni chache za sekunde. Robert Blinc na wenzake huko Ljubljana walichapisha vipimo vya namna hii mwaka 1978. Katika miaka iliyofuata vyuo vya Surrey, Uingereza, na Lausanne, Uswisi, viliendeleza kazi hiyo, na mwaka 2013 watafiti wao, akiwemo Peter McDonald na Karen Scrivener, walionyesha hesabu ya maji ya kila fungu tangu saruji inapochanganywa hadi inapokomaa. Waliitumia zaidi saruji nyeupe, kwa kuwa saruji ya kijivu ina chuma kinachovuruga ishara. Jambo hili yafaa lielezwe wazi katika tafsiri, maana msomaji wetu akisikia sumaku na saruji atadhani kwamba sumaku inavuta chuma kilichomo. Sivyo, chuma ni mgeni asiyealikwa.

Katika sampuli iliyofungwa isipoteze unyevu, jumla ya ishara ya hidrojeni haipungui. Kinachobadilika ni mgawanyo wake: fungu la maji ya nafasi kubwa hupungua siku kwa siku, na mafungu ya jeli, ya tabaka, na ya fuwele huongezeka. Maji yote yamo. Yamehama nyumba tu, na katika kuhama kwao ndimo ugumu ulimozaliwa. Watu wa maabara hawakuwa wakitafuta ushahidi wa kutuondolea kitenzi kibaya, lakini wametuletea.

Kabla ya hapo, mwaka 1982, Endel Lippmaa na wenzake wa Tallinn, Estonia, walikuwa wamefanya kwa silikoni jambo ambalo hidrojeni isingeweza kulieleza. Katika kila viini 100 vya silikoni ni kama vitano tu vinavyoitikia sumaku, na katika kitu kigumu ishara zao huchanganyika, mpaka sampuli izungushwe kwa kasi kubwa ikiwa imeinamishwa nyuzi 54.7 kutoka katika mwelekeo wa sumaku. Pembe hii wenyewe huiita ya kimazingaombwe, nasi hatuoni haja ya kuleta uganga katika istilahi. Pembe maalumu yatosha. Kwa njia hiyo waliona kwamba katika unga mkavu kila silikoni na oksijeni zake iko pekee, na kadiri saruji inavyoungana na maji silikoni huungana mbili mbili, kisha minyororo mirefu zaidi huanza kuonekana. Sasa inafahamika kwamba minyororo hiyo hupendelea kuwa na viungo viwili, vitano, vinane na kuendelea hivyo. Neno mnyororo limefaa kabisa, na wafasiri wamelitumia bila kubabaika.

Hatuwezi kusema vivyo hivyo juu ya neno vinyweleo linalotumiwa kwa nafasi zilizo ndani ya saruji. Kinyweleo ni unywele wa mwilini, na kwa upanuzi ni tundu la ngozi unamotokea. Kulipeleka kwenye zege ni kumpa msomaji picha ya mashimo ya juu juu yanayotoa jasho. Vitundu ni neno la kawaida, na lapokea vivumishi kwa urahisi: vitundu vya jeli, vitundu vya nafasi kubwa. Kwa zile nafasi zenye upana wa kama nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, tuseme nafasi za baina ya tabaka, kwa maana si vitundu hata kidogo. Ni kama nafasi iliyoko kati ya karatasi za kitabu kilichofungwa.

Basi tulitoe neno kukauka, tuweke nini? Mafundi wanalo neno la hatua ya kwanza, nalo ni kushika. Zege limeshika, husema, pale linapoacha kufuata umbo la koleo ingawa kidole bado chaweza kulitia alama. Lina upungufu mmoja, kwamba lipu nayo hushika ukutani kwa maana ya kunata. Upungufu huo huondoka tukitumia kushikamana kwa maana hii ya pili. Kuganda hatulitaki kwa hatua hii, ingawa lina watetezi, kwa kuwa limekwisha kupata kazi maalumu katika maduka: saruji iliyoganda ni ile iliyovuta unyevu ndani ya mfuko ikaharibika kabla ya kutumika. Ni tofauti yenye faida kwa mtunza ghala, na ni vibaya kuivuruga.

Kwa hatua ndefu inayofuata, ya kuongezeka nguvu kwa siku na miezi, twapendekeza kukomaa. Tumepingwa kwamba mahindi hukomaa yakakauka, na hivyo neno hili litarudisha kosa kwa mlango wa nyuma. Ni hoja nzuri. Lakini mtu wa pwani na atazame nazi. Dafu lina maji tele na nyama kidogo laini. Likiendelea kuwa koroma, kisha nazi, maji hupungua na nyama huongezeka na kukaza, wala hakuna tone lililomwagika nje. Nazi iliyokomaa ukiitikisa bado ina maji. Hatujui mfano mwingine katika lugha yetu ulio karibu zaidi na yale ambayo sumaku imeyaonyesha ndani ya saruji.

Kukomaa hutuletea pia kitenzi cha kumtendea zege: kukomaza. Hapa ndipo tafsiri zimekosea kwa namna ya kuchekesha, maana neno la Kiingereza la kazi hii ni lile lile la kuponya maradhi, na tumekwisha kusoma zege likitibiwa kwa siku saba kama mgonjwa wa homa. Mafundi husema kumwagilia, na ni neno zuri kwa njia moja ya kukomaza. Lakini zipo nyingine, kama kufunika kwa magunia mabichi au karatasi za plastiki, na kuzungushia kingo sakafu ili maji yatuame juu yake. Kukomaza huzikusanya zote.

Sharti la mkataba tulilolitaja mwanzo lingeweza kuandikwa hivi: Nguzo zikomazwe kwa kufunikwa magunia na kumwagiliwa maji mfululizo kwa siku saba zisiache kuwa na unyevu, na zisibebeshwe uzito kamili kabla ya siku ya 28 tangu kumwagwa. Ni refu kuliko lile la kwanza, na karani atalalamika. Lakini mkaguzi anayefika siku ya nne akaikuta nguzo imekauka atakuwa na neno la kumwonyesha mkandarasi.

Kitenzi kukauka chenyewe hatukifukuzi katika jengo. Ukuta uliokwisha kukomaa bado una maji huru karibu na uso wake, nayo ni lazima yatoke kabla ya mpaka rangi kuanza kazi, la sivyo rangi itavimba na kubambuka. Hapo mwandishi aandike bila wasiwasi kwamba ukuta uachwe ukauke.